Santuri ya mzee na toleo jipya: ipi ya kuamini?

SWALI: Marehemu baba ameniachia santuri ya Bridge over Troubled Water ya Simon na Garfunkel. Juzi nimepakua kwenye simu toleo jipya lililosafishwa sauti. Limechangamka, kila ala inasikika, lakini nikifika nusu masikio yamechoka. Santuri nayo inatoa sauti nyembamba kama ya nyuki na inakwaruza. Ipi ndiyo sauti yenyewe?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Ndugu yetu, anza kwa kuipunguza sauti simu. Sikio hudanganyika: ukipigiwa kitu kile kile mara mbili, utaipenda ile iliyo juu kidogo. Na matoleo mengi yaliyotoka tangu miaka ya 1990 yamebanwa. Palipokuwa chini pamepandishwa, vilele vimekatwa, kisha vyote vikasukumwa mpaka ukomo.

Albamu hii ya 1970 imekuja na kipimo chake. Wimbo wa kwanza, wenye jina la albamu, unaanza kwa piano na mwimbaji mmoja, na unamalizika kwa ngoma na fidla kibao. Kwenye ubeti wa kwanza, weka ukubwa wa sauti ya simu na ya santuri uwe sawa, kisha usiguse kitu. Kama mwisho wake kwenye santuri unakurudisha nyuma kitini, na kwenye simu umekuja sawasawa na mwanzo, basi toleo lako limebanwa na huko ndiko masikio yanakochokea. Hesabu na nyimbo pia. Albamu ya asili ina 11. Ukikuta 13, hilo ni toleo la 2001 lililoongezwa mbili za majaribio. Neno "limesafishwa" peke yake halikwambii kitu mpaka ujue ni safisho la mwaka gani.

Sasa huo wembamba wa santuri. Hapo tunadhani umechomeka waya wa mashine moja kwa moja kwenye tundu la AUX la redio. Santuri hukatwa kwa kupunguza besi na kuzidisha sauti kali, la sivyo mifereji ingekuwa mipana na upande mmoja usingetosha nyimbo tano. Kinachorudisha besi ni priampu ya santuri, yaani kikuza sauti cha awali, kilicho nyuma ya tundu lililoandikwa PHONO. Redio nyingi za siku hizi hazina, kwa hivyo unahitaji kijisanduku cha pembeni, au mashine yenye priampu ndani na swichi nyuma iliyoandikwa PHONO/LINE. Ukiiweka LINE, ndipo uchomeke AUX. Usiweke priampu mbili kwa pamoja, besi itavuma na sauti itapasuka.

Mkwaruzo, hapa kwetu, mara nyingi si mchubuko. Ni ukungu wa masika. Ielekeze santuri kwenye mwanga wa dirisha; ukiona madoa meupe kama unga ndani ya mifereji, ndio huo. Chukua lita moja ya maji ya betri (yale ya kuongezea, si asidi!) na matone mawili ya sabuni ya vyombo. Maji ya bomba au ya kisima yana chumvi na chokaa, yakikauka yanabaki mferejini na umerudi pale pale. Tumia kitambaa laini cha kufutia miwani, zungusha kwa kufuata mifereji, usikate katikati, na karatasi ya kati isilowe. Suuza kwa maji ya betri matupu, isimamishe kivulini karibu na feni kwa muda wa saa tatu. Juani usithubutu: itajikunja kama kaukau. Usiirudishe kwenye mfuko wake wa zamani, ukungu umo humo. Nunua mfuko mpya wa ndani.

Na baadhi ya unayoyadhania makosa yamo kwenye utepe wa asili. Mapigo ya wimbo wa Cecilia yanasikika machafu kwa sababu yalinaswa kwa kinasa sauti cha nyumbani, watu wakijipiga mapaja, kisha yakarudiwarudiwa. Makofi ya Bye Bye Love ni ya hadhira, wimbo huo ulirekodiwa ukumbini. Lakini kama herufi "s" inachanika kwenye wimbo wa mwisho wa kila upande, hapo shuku sindano. Pembeni mwa santuri mfereji hupita chini ya sindano kwa kama sentimita 50 kwa sekunde, karibu na kati ni kama 21 tu, kwa hivyo sindano iliyolika hujulikana huko kwanza.

SWALI: Nina sahani nzito za taarabu, zile za mbwa na gramafoni. Nimesikia Siti binti Saad zimetolewa upya kwenye sidii. Nizicheze hizi au ninunue tu sidii?
Msomaji, Ng'ambo

JIBU: Nunua, na usitupe ulizonazo. Rekodi za Siti na wenzake za Bombay za 1928 hutolewa upya kwa kunakili sahani zilizosalia, na ubora wa nakala unafuata sahani iliyopatikana. Mwenye kunakili akifuta mchakacho kupita kiasi, fidla na mguso wa udi navyo huondoka. Huenda yako ina kilichofutwa.

Ila usiicheze kwa sindano ya kawaida. Mfereji wa sahani hizi za 78 (mizunguko 78 kwa dakika) ni mpana. Sindano ya LP, yaani santuri ya kawaida, ya mikroni 18 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), huzama mpaka chini na kusoma uchafu. Agiza ya mikroni 75. Gramafoni ya kukaza nayo inakula sahani, na sindano yake ya chuma hubadilishwa kila upande. Mashine ikikomea 45, cheza kwa 45, rekodi kwenye kompyuta, kisha programu ya Audacity inabadilisha kasi kutoka 45 kwenda 78. Geuza iwe mono, yaani sauti ya njia moja, mchakacho mwingi utapungua bila kufuta chochote.

Kusafisha: spiriti marufuku. Sahani hizi zina lakiri ndani yake na spiriti huiyeyusha. Maji ya betri kidogo, ukaushe papo hapo.

SWALI: Santuri yangu inaruka. Nimebandika sarafu juu ya kichwa cha sindano na imetulia. Kuna ubaya?
Msomaji, Wete

JIBU: Itoe leo. Sindano nyingi zinataka gramu 1.5 hadi 2, na sarafu inaongeza gramu kadhaa juu ya hizo, unachimba mfereji. Safisha santuri, halafu zungusha uzito wa nyuma wa mkono mpaka mkono uelee bila kupanda wala kushuka, weka namba kwenye sifuri, kisha sogeza uzito mpaka 2, yaani gramu 2. Ikiendelea kuruka pale pale, kuna mchubuko. Ikiruka popote, tazama meza: ukitembea na sakafu ya mbao ikitikisika, mashine ihamie kwenye rafu ya ukutani.