Ping inajibu ila folda ya seva haifunguki? Angalia kwanza anayejibu ni nani

Mkuu umesema mashine tatu zimegoma kufungua folda ya seva, moja inafungua kama kawaida, intaneti ipo kote na ukiipingi seva (kuitumia ujumbe mfupi kuona kama ipo hewani) inajibu, sasa unataka kuipiga seva Windows upya. Nakuomba sana usiipige kwanza. Mimi yalinikuta hayohayo, nikapoteza siku mbili nahangaika na paswedi na ruhusa za folda kumbe hata hiyo seva yenyewe nilikuwa siifikii.

Ilianza umeme ulipokatika ukarudi. Asubuhi watu wanawasha mashine, drive Z (ndiyo folda ya seva) ina alama nyekundu ya X, ukibofya inazungukaaa halafu inaleta kosa 0x80070035 (njia ya mtandao haikupatikana). Napingi 192.168.1.20, yaani IP (namba ya seva kwenye mtandao), inajibu chapchap, nikasema basi mtandao uko poa, tatizo ni seva. Nikazima faiawoli, nikafuta paswedi zilizohifadhiwa, nikashea folda upya, wapi! Kilichonishtua ni ile mashine moja iliyokuwa inafungua, maana seva ingekuwa mbovu na yenyewe ingegoma. Nikaikalia kuangalia imeunganishwaje, nikakuta hiyo inaiita seva kwa jina, zile zingine zote mtu alizisetia kwa IP.

Hapo nikaenda kwenye mashine iliyogoma, nikapingi tena halafu nikaandika arp -a (inaonyesha kila IP ni ya kifaa kipi), nikalinganisha adresi ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao ya kifaa) iliyo mbele ya 192.168.1.20 na ile ambayo getmac inatoa kwenye seva. Hazifanani hata kidogo. Nikaiandika ile IP kwenye brauza, ukafunguka ukurasa wa printa, na kiwango cha wino kinaonekana! Siku mbili nzima nilikuwa napingi printa. Ruta ndogo nyingi zikizimika zinasahau zilimpa nani namba gani, umeme uliporudi printa ikawahi kuamka kabla ya seva ikachukua namba yake, seva ikapewa nyingine.

Ndiyo maana siku hizi ping peke yake siiamini. Inakuambia tu kuna kifaa hai kwenye hiyo namba, lakini kushea faili za Windows kunapita poti (mlango wa mawasiliano) 445 ya TCP, kwa hiyo pima hiyo. Fungua PowerShell kwenye mashine inayogoma uandike Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445 (weka IP yako) uangalie mstari wa TcpTestSucceeded. Ikija False na MAC ni ya kifaa kingine, ugonjwa wako ni kama wangu. False lakini MAC ni ya seva kweli, nenda kwenye seva uone kama mtandao umegeuka kuwa Public (wa hadharani), ikiwa hivyo faiawoli inafunga kushea. Ikija True ndo uhamie kwenye paswedi na ruhusa, kabla ya hapo unajichosha bure. Na kama seva yako ni kifaa cha zamani kinachojua SMB1 tu (toleo la zamani la njia ya Windows ya kushea faili), kumbuka Windows 10 toleo la 1709 la mwaka 2017 na zilizofuata ukizisimika upya nyingi haziji nayo, au zinaiondoa zenyewe isipotumika, ila mimi singeiwasha, ina mashimo ya usalama, bora utafute sasisho la hicho kifaa.

Dawa yenyewe haikuchukua hata nusu saa. Niliingia kwenye ruta nikaitengea seva namba yake kwa MAC ili asipewe mwingine, nikawasha printa upya ichukue nyingine, halafu nikazunguka mashine moja moja nikipiga net use Z: /delete na kuunganisha upya kwa jina la seva badala ya namba. Usiruke hiyo ya kufuta, kwangu mashine moja niliisahau ikaendelea kudai paswedi mpaka nilipoirudia.