Muulize Maalim: Kobe wa mitihani

SWALI: Maalim, shikamoo. Binti yangu anasoma Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Kanitumia picha ya kobe wa shaba aliye mbele ya maktaba yao, kazungukwa na biskuti, maua na chupa za soda. Anasema siku za mitihani wanafunzi humsugua pua na kumwachia kitu ili wafaulu. Sasa anataka nimtumie kitu cha Zanzibar na yeye akaweke. Mie nilifikiria halua na udi kidogo, lakini baba yake kaja juu, anasema hiyo ni ibada ya sanamu. Huyo kobe ni nani hasa? Na nitume au nisitume?
Mama wa mwanafunzi, Kikwajuni

JIBU: Marahaba, mama. Hukumu ya dini kamuulizeni shehe wenu, mie nisije nikaingia pasiponihusu. Habari za kobe ninazo.

Anaitwa Testudo. Katika miaka ya 1930 timu za chuo kile zilikuwa hazina mnyama wa kujivunia. Mtu mmoja aitwaye Curley Byrd, aliyekuwa mwalimu wa timu na baadaye akawa mkuu wa chuo, akasema wamchukue kobe wa kwao. Byrd alizaliwa Crisfield, mji wa wavuvi kwenye ghuba ya Chesapeake, na kobe huyu ni wa huko huko, anakaa pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari. Usimfikirie kama wale wa kisiwa chetu cha Changuu, walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wale ni majitu ya nchi kavu. Nilipokuwa nafundisha nikivusha watoto kwa mashua kwenda kuwaona, na swali lao la kwanza, wakishasoma umri ulioandikwa kwa rangi mgongoni, lilikuwa: huyu kamzidi babu? Kobe wa Byrd unamnyanyua kwa mkono mmoja.

Wanafunzi waliomaliza mwaka 1933 ndio waliokitunukia chuo sanamu. Kobe mzima alipelekwa hadi Rhode Island ili mchongaji amtazame anapofanya kazi, na siku ya uzinduzi, mwezi wa Mei, kobe hai ndiye aliyevuta utepe. Hapo ndipo ninapowapenda watu wale! Wangeweza kumpa mkasi mheshimiwa fulani, hotuba ikaenda mpaka adhuhuri.

Kisha yakaanza mambo ya vijana. Vyuo vingine vikawa vinamwiba. Mwaka 1947 walikuwa wa Johns Hopkins, Baltimore. Wa Maryland wakaenda kumdai kwa wingi mpaka polisi wakaingia kati. Mwisho wa yote chuo kikamjaza saruji tumboni, kiasi cha ratili 700, na kumfunga chini. Tangu miaka ya 1960 yuko hapo mbele ya maktaba ya McKeldin, na pua yake imekuwa inang'ara kwa kusuguliwa.

Sasa hayo ya kumwekea vitu. Mwambie mzee mwenzio kwamba vijana wale hawamwombi kobe. Wana hofu ya mtihani na wanafanya mzaha kuipunguza. Na hofu hiyo siye tunaijua. Nani hapa mjini hakunyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini, na bibi yake asubuhi ya mtihani? Sisemi ni sawasawa, kombe lina aya za Mungu na kobe ana saruji. Nasema tumbo linalokoroga ni lile lile. Lakini baba naye ana haki ya kutopenda, na mie kwa upande wangu chakula kizuri kuachwa nje kikinyeshewa mvua hakinipendezi, awe anapewa kobe au mfalme.

Kama binti anataka kumwenzi, basi amjue yule aliye hai. Zamani supu yake ilikuwa chakula cha matajiri, akavuliwa mpaka akawa adimu. Mwaka 1994 jimbo la Maryland lilimfanya mtambaazi wake rasmi, lakini ilibidi kungoja mpaka 2007 ndipo kumvua kwa biashara kukapigwa marufuku. Sanamu ilikuwa imeshatimiza miaka zaidi ya sabini. Binti akiwauliza wenzake habari hiyo, nadhani wengi itakuwa mpya kwao.

Kwa hiyo, mama, halua itume, lakini mwambie aile yeye na wenziwe chumbani wakidurusu. Pua akitaka kuigusa akipita, hilo mumalizane nyumbani. Udi usitume kabisa. Mwezi wa Disemba 2013 zawadi alizorundikiwa kobe yule zilishika moto hapo hapo mlangoni mwa maktaba, na sitaki safari ijayo watu waulize chetezo kimetoka Kikwajuni kwa nani.