Niliiga kwa Miaka Sita, na Sioni Haya

Juzi kijana mmoja mchoraji aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Kila nikichora naambiwa naiga. Niache?" Namjibu hapa, maana najua nanyi mnaoshika brashi neno hilo limeshawachoma.

Mimi nimeiga miaka sita. Nilikaa nyuma ya mwalimu wangu nikimtazama anavyomchora chui. Anapaka manjano, anasubiri mpaka rangi isishike kidole, anatia doa la kahawia, kisha analizungushia nyeusi bila kufunga duara. Ukilifunga, chui anaonekana kama kashonewa vifungo. Hakunieleza hilo kwa mdomo hata siku moja. Niliiba kwa macho.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki 1972. Miaka michache tu! Sanaa yenye jina lake ipo mpaka leo kwa sababu waliokuwa naye, akina Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia, waliufuata mkono wake. Wangeona haya kuiga, angezikwa nayo.

Tatizo ni kwamba watu wanalichanganya neno hili na ndugu zake. Kuiga ni kufuata mkono wa mwenzio ili nawe upate mkono. Kuigiza ni kwa jukwaani, na watazamaji wanajua kuwa wewe si mfalme. Kunakili ni kutoa ileile, mstari kwa mstari. Kughushi ni kunakili halafu ukatia sahihi isiyo yako, na mteja akaondoka na bandia.

Hilo la mwisho bado linaniuma. Niliingia duka moja la vinyago nikakuta picha yangu ya wachuuzi wa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, pamoja na yule paka chini ya meza ambaye mwanangu aliniomba nimweke. Jina langu lilikuwepo pembeni. Mkono haukuwa wangu. Nilitoka bila kusema neno, na wiki nzima sikugusa rangi.

Kwa hiyo wanangu, igeni, lakini mtajeni mliyemwiga. Igeni tena, na siku moja mtie paka wenu wenyewe. Sahihi ya mtu msiiguse kabisa, hata njaa iwe kali vipi.

Nawe kijana, mmalizie chui wako. Akikauka, geuza ubao, andika jina lako, na chini yake la mwalimu wako. Kisha nipigie picha pande zote mbili.