Je, Mchezo wa Simu Unaweza Kumfikisha Mama Kwenye Uchunguzi wa Saratani?

SWALI: Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii mkoani Singida. Vijana wa kijijini kwetu hushinda wakicheza gemu kwenye simu, lakini tukiitisha mkutano kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, wanaofika ni wachache. Je, mchezo wa simu unaweza kutusaidia, hali akina mama wengi wana vitochi na bando ni ghali?

JIBU: Unaweza, ila kwa masharti. Mwaka 2006 shirika la HopeLab la Marekani lilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Re-Mission, ambamo mchezaji huongoza roboti ndogo mno ndani ya mwili wa mgonjwa na kuziteketeza seli za saratani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha vijana 375 wenye saratani, ulionyesha kwamba waliocheza mchezo huo walizingatia dawa zao vizuri kuliko wenzao waliopewa mchezo wa kawaida. Hata hivyo, hao walikuwa tayari mikononi mwa madaktari, ilhali wewe unawafuata watu ambao hawajawahi kukanyaga chumba cha uchunguzi.

Kwa sababu hiyo, mchezo wenu usiishie kwenye chemsha bongo. Wapo akina mama wanaoujua ugonjwa vizuri, lakini wanaogopa yatakayowapata mlango ukishafungwa, na hapo ndipo mchezo unapoushinda mkutano. Mchezaji na amfuate mama tangu anapoitwa jina, amwone muuguzi akipaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, asubiri dakika moja hivi, kisha aangalie kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Ajifunze hapo kwamba weupe huo si hukumu ya kifo, bali huweza kuwa mabadiliko ya awali yanayotibika kabla hayajawa saratani.

Uvumi kwamba chanjo ya HPV, yaani kirusi kinachosababisha saratani hii, huharibu kizazi nao usikwepwe: mweke jirani autamke waziwazi, na ajibiwe na bibi anayeheshimika, ambaye wajukuu zake wamechanjwa.

Kuhusu bando, programu ipakuliwe mara moja kituoni na ifanye kazi bila intaneti, ikiwa na sauti kwa Kiswahili, Kinyaturu na Kinyiramba. Wenye vitochi wanaweza kupigiwa simu yenye maswali ya sauti, wakajibu kwa kubonyeza namba. Simu moja ikizunguka katika foleni ya kliniki ya mama na mtoto huwafikia wengi, tena mjadala unaozuka hapo una faida kubwa. Kwa kuwa simu nyingi hutumiwa na familia nzima, msiombe majina wala taarifa za VVU.

Mafanikio yapimwe kwa wanaojitokeza kuchunguzwa, si kwa alama za wachezaji. Kabla hujamtafuta mtengenezaji wa programu, muulize mganga mfawidhi siku za uchunguzi na kama vifaa vipo, kwa maana mama aliyeshinda hofu yake akarudishwa bila huduma ni vigumu sana kumwita tena.