Ukitaka kuingia kwenye mambo ya kale, usianze na jembe

Vijana wengi wanaoniuliza waanzie wapi wanataka kuchimba. Kuchimba bila kibali ni kosa la jinai, na hata penye kibali, kazi kubwa ni kuchekecha udongo, kuosha vigae, yaani vipande vya vyombo vya udongo vilivyovunjika, kwa mswaki na kuandika kila kimoja kimetoka shimo gani, tabaka gani. Mwenye subira ya kazi hiyo hakosi nafasi watafiti wanapokuja.

Kwetu Kilwa, ukivuka kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale, na maji yakawa yamepwa, utaona vigae ufukweni: vyekundu vya vyungu vya wenyeji, na pengine kimoja cha kijani kinachong'aa, cha bakuli lililotoka China. Mkono utakuwasha. Usikiokote! Weka kalamu kando yake ili ukubwa uonekane, piga picha, hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu, kisha mwarifu mlinzi wa magofu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kilichotengenezwa kabla ya 1863, hata kikiwa shambani kwako.

Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Baadaye ikajulikana kuwa tano kati yake ni za shaba, za Kilwa yetu. Zilifikaje huko, wataalamu wanabishana mpaka leo. Lakini alikuwa ameweka alama kwenye ramani pale alipoziokota, na miaka mingi baadaye watafiti waliweza kurudi mahali hapo. Bila alama ile wangeanzia wapi?

Kuta za magofu nazo zinahitaji watu, hasa baada ya masika, magugu yanapopanda juu yake. Jitolee, ila fuata maelekezo ya wahusika. Mzizi ulioingia ukutani haung'olewi, maana hutoka na mawe, hukatwa. Na yeyote akikuletea saruji ya kuziba ufa, mkatalie kwa heshima. Kuta hizi za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, nayo huruhusu unyevu utoke. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi, na jiwe linaanza kumomonyoka. Nimeona kuta zilizoharibika hivyo, inauma sana.

Kisha wazee. Usiwaendee na daftari mkononi siku ya kwanza. Toa shikamoo, kaa barazani, kunywa kahawa. Uliza visima, makaburi, majina ya mitaa iliyohamwa. Wakikuambia mahali fulani hapapigwi picha, usipige. Watu wa Kisiwani waliyatunza makaburi yale kabla ya UNESCO kupaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Si lazima uje Kilwa. Bagamoyo wana magofu ya Kaole, Iringa wana Isimila yenye zana za mawe za kale, Kondoa wana michoro ya miambani, na ndugu zetu wa Malindi, Kenya, wana magofu ya Gede. Nenda palipo karibu nawe, muulize msimamizi kazi gani imekosa watu mwezi huu.