Jioni moja Haridwar

Ndugu, umeuliza kama asiye Mhindu anaruhusiwa kuona ibada ya jioni ya mto Ganga pale Haridwar, mji mtakatifu wa Wahindu kaskazini mwa India. Wageni wengi wamewahi kuitazama, lakini kanuni ya zamani ya mji inawakataza wasio Wahindu pale Har Ki Pauri, yaani ngazi za kushukia mtoni inapofanyika ibada hiyo, kwa hiyo uliza wenyeji kwanza. Kiingilio hakuna. Ukiombwa mchango, toa ukipenda. Fika Har Ki Pauri kabla jua halijazama, maana ngazi hujaa watu. Viatu unavua. Utaona watu wakiweka maua na utambi unaowaka kwenye kikapu kidogo cha majani, kisha wanakiachia mtoni. Inapendeza mno! Ukitaka kuoga, shika ile minyororo iliyofungwa kwenye ngazi, tafadhali usiiachie: maji yanashuka kutoka Himalaya, ni ya baridi na yanakwenda kasi. Nyama na pombe ni marufuku mjini, ila puri za moto, yaani mikate myembamba ya kukaanga, na mchuzi wa viazi zipo.