Zamu ya nani mwaka huu?

Nyuma ya mlango wetu wa jikoni, hapa Walukuba, Jinja, Uganda, pamebandikwa karatasi iliyokwisha kula moshi na mafuta. Ina majina kumi na moja upande wa kushoto na miaka juu, kuanzia 2020. Mgeni akiiona hudhani ni ratiba ya kuosha vyombo. Siyo. Hiyo ndiyo inayosema nani alikwenda Arua na nani Mbale, nani alibaki kulinda nyumba na kulisha kuku, na, kwa kalamu nyekundu, nani alikula firigisi siku ya Krismasi.

Tuko kumi na mmoja: mimi na baba watoto, watoto sita wa tumbo langu, wawili wa marehemu dada yangu, na mama mkwe ambaye wote tunamwita kukhu, kama wajukuu wanavyomwita bibi kule Bugisu. Mume wangu ni Mgisu wa Mbale. Mimi ni Mlugbara wa Arua, ila nimekulia kambini kwa sababu baba alikuwa askari. Tulipokutana yeye hakujua Kilugbara na mimi sikujua Kigisu, kwa hiyo Kiswahili cha kambini ndicho kilichotuoa. Watoto wanakiongea, wanachanganya na Kisoga cha mtaani na Kiingereza cha shule, na kukhu akiwagombeza kwa Kigisu wanajifanya hawasikii mpaka aseme chakula kiko tayari.

Karatasi ilianza kwa ugomvi. Desemba ya 2019 tulikuwa tunafunga mizigo ya Arua, na mtoto wa nne, wakati huo ana miaka tisa, akasema hivi hivi tu huku anakunja shati la mdogo wake: "Mama, mimi Arua sijawahi kuiona." Nikamwambia aache uongo. Tukakaa chini kuhesabu. Safari ya kwanza alikuwa na malaria. Ya pili nafasi ilikwisha kwenye gari. Ya tatu alibaki na kukhu kwa sababu ndiye aliyezoea kumsomea majina ya dawa zake. Na hiyo ya nne tulikuwa tumeshamwambia atabaki, kwa sababu "wewe husumbui". Kila mara palikuwa na sababu nzuri. Sababu nzuri nne zikawa dhuluma moja, na aliyedhulumiwa ni yule yule asiyelia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye nyumba kubwa: usiweke zamu kichwani. Kichwa cha mama kinakumbuka anayepiga kelele. Andika, bandika mahali ambapo hata asiyejua kusoma vizuri anapita kila siku, na aliyebaki safari hii awe wa kwanza kupanda safari ijayo. Kuumwa hakumpotezei mtu zamu yake. Wazazi nao waandikwe. Jina la baba watoto limo, na mwaka 2022 alibaki yeye na kuku wake.

Tulianza vibaya, maana mwezi Machi 2020 serikali ilisimamisha usafiri wa abiria kwa ajili ya korona. Safu yote ya mwaka huo ina neno moja, "korona", na karibu yake mtu amechora jeneza. Sijui nani. Shule nazo zilifunguliwa kikamilifu Januari 2022, kwa hiyo nilikaa na watoto wanane ndani karibu miaka miwili, na ndipo walipogundua kuwa zamu inaweza kuuzwa. Wa tatu alimuuzia mdogo wake safari ya Mbale kwa mwezi mzima wa kuteka maji. Nilipiga marufuku, nikaona wanafanya kwa siri, sasa nimeruhusu kubadilishana zamu kwa zamu. Kuuza, hapana.

Kuhusu kusafiri kwenyewe nitasema machache, kwa sababu kila mtu ana njia yake. Jinja hadi Arua ni kuzunguka kupitia Kampala, na ni siku nzima barabarani. Wiki ya Krismasi nauli hupanda hata maradufu, na kwa watu wengi kama sisi tofauti hiyo ni ada ya mtoto mmoja. Sisi Krismasi tunakula hapa hapa, halafu wenye zamu wanaondoka tarehe 27 au baada ya mwaka mpya, mabasi yakiwa yanakwenda kijijini nusu matupu. Muhula wa kwanza huanza Februari, muda upo. Wazee wa Arua walinuna mwaka wa kwanza. Siku hizi wanatuwekea mbuzi, kwa sababu sisi tunafika wakati wengine wameshawamalizia chakula na kuondoka.

Tukienda Mbale wote, tunakodi taksi ya viti kumi na vinne, sisi kumi na mmoja, na vile vitatu vinakaa magunia. Hapo kuna jambo la kuhesabu vichwa. Mwaka mmoja tulikwenda kwanza Kampala kwa msiba, na wakati wa kurudi tukasimama Namawojjolo, pale ambapo kila gari husimama kwa kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma. Wauzaji walituzingira, mikono na vijiti vya nyama kila dirisha. Nikahesabu vichwa: kumi na moja. Nikamwambia dereva twende. Tumekwenda kama mita mia mbili, nasikia sauti nyuma: "Mama, mimi nauza maji." Nilikuwa nimemhesabu mvulana wa watu, aliyeingia na beseni lake la chupa kutafuta chenji, na mlango ukafungwa. Mpwa wangu mdogo alikuwa bado msalani. Tulirudi kinyumenyume, dereva akicheka, mimi nikitetemeka. Muuza maji tulinunua chupa zake zote.

Tangu siku hiyo sihesabu vichwa. Kila mtu ana pacha wa safari, mkubwa na mdogo, na ninachouliza ni kimoja: "Pacha wako yuko wapi?" Baba watoto hana pacha, anajitegemea.

Sasa nije kwenye jambo zito. Kwa Wagisu tohara ya jando, imbalu, hufanyika miaka ya shufwa, na msimu hufunguliwa Agosti katika uwanja wa Mutoto, karibu na Mbale. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya mwanangu wa kwanza, akiwa na miaka ishirini. Imbalu si siku moja. Kijana anavaa shanga, anafunga njuga mapajani, ngoma za kadodi mbele, anazunguka kwa ndugu kuwaambia siku yake imefika, na kila anapofika anapewa kitu. Watu muhimu sana kati ya hao ni wajomba. Na wajomba wa mwanangu wako Arua, ambako Walugbara kwa asili hawatahiri kabisa.

Wazee wa upande wa mume waliniuliza kwa upole ambao si upole: hawa wajomba watakuja? Nikampigia kaka yangu. Alikaa kimya simuni, halafu akauliza, "Sasa mimi nivae nini?" Alikuja kwa mabasi, akakatisha Lira na Soroti bila kugusa Kampala, na alishuka Mbale saa nne usiku amebeba gunia la angara, samaki wakavu wa kwetu, wananuka mpaka kondakta alimpa kiti cha peke yake. Asubuhi akaenda sokoni kununua mbuzi, na wauzaji walipomsikia lafudhi na kuuona msimu, bei ikapaa. Alirudi na mbuzi mdogo sana. Mzee mmoja akamtazama yule mbuzi, akamtazama kaka yangu, akasema, "Huyu naye hajatahiriwa." Uwanja wote ukaanguka kwa kicheko, na kaka yangu, ambaye alielewa baadaye alipotafsiriwa, akacheka kuliko wote. Mbuzi akapokewa. Samaki wakaisha kabla ya mbuzi.

Kama una kijana wa imbalu, haya niliyojifunza ni ya kweli kabisa. Mbuzi na kuku nunua Mei au Juni uwafuge mwenyewe, usingoje Agosti. Ulezi wa pombe uwekwe tangu mavuno, kwa gunia lenye jina lake, la sivyo utakuwa uji. Mpeleke kijana hospitali apimwe kwanza, na kisu kiwe kipya, chake peke yake, ukione kwa macho yako. Hilo usione haya kulisema mbele ya wazee. Mimi nililisema, nikaitwa mke wa kambini, nikanyamaza, lakini kisu kilikuwa kipya. Saa yenyewe ilipofika nilikaa ndani na wifi zangu. Ngoma zilisimama. Kimya. Halafu kipenga, halafu vigelegele, na wifi yangu akaniachia mkono ambao sikujua alikuwa ameushika.

Kuhusu wenzake: mwaka huo pesa zote ziliingia kwa mtoto mmoja. Tulikuwa tumewaambia Januari, mbele ya karatasi, na safu ya 2024 ina jina moja tu. Walinung'unika kidogo, lakini hakuna aliyeshtukizwa. Septemba ya mwaka huo daraja la Karuma likafungwa kwa matengenezo, magari ya Arua yakawa yanazunguka mbali, na baba watoto akasema hata serikali imeheshimu karatasi yetu.

Ila binti yangu wa pili aliuliza swali ambalo lilinikosesha usingizi. "Na sisi wasichana, ngoma yetu inapigwa lini?" Sikuwa na jibu la mila, si ya Bugisu wala ya Arua, kwa hiyo tukatunga letu. Mtoto yeyote, wa kike au wa kiume, akimaliza mtihani wa darasa la saba anapewa siku moja na mzazi mmoja. Peke yao. Yeye hakupata yake kwa wakati, akapewa kwa kuchelewa, na alichagua kwenda Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, kusimama juu ya mstari wa ikweta. Tulipanda taksi asubuhi. Akakaa dirishani, akaweka mikono mapajani, akaiangalia. "Mama," akasema, "leo sijapakata mtu." Ni kweli. Tangu akiwa na miaka saba, kila gari tuliyopanda yeye alikuwa na mtoto mapajani. Mpaka Mpigi hakusema neno lingine. Kutoka Mpigi hakunyamaza, na nilijua mambo ya shule yake ambayo ningeyajua baada ya kuchelewa. Ikweta yenyewe tuliiona dakika kumi, tukapiga picha kwenye lile duara, tukala rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, tukarudi. Kati ya yote tuliyobuni, hili ndilo ningekuomba uanze nalo hata kama huna karatasi wala mila nyingine. Gharama yake ni nauli ya watu wawili. Katika nyumba ya watu wengi, mtoto anaweza kufika miaka kumi na mitatu hajawahi kuwa na mama yake kwa saa mbili mfululizo.

Mengine ni madogo na yanajiendesha. Novemba senene wakianza kuuzwa tunanunua wenye mabawa, kwa sababu ni rahisi na kwa sababu kunyonyoa ndiko kunakowaweka wote kwenye mkeka mmoja usiku. Kukhu hali senene, anangoja kumbikumbi. Mwisho wa Mei, mahujaji wa Kenya wanaotembea kwa miguu kwenda Namugongo kwa siku ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni, hupita Jinja wakitokea mpakani, na mtoto mwenye zamu anachagua wenzake wawili kubeba uji wa ulezi kwenye jerikeni hadi barabara kuu. Wanarudi wameongea Kiswahili na watu wa Nakuru na Kisumu, wanajiona wamesafiri. Uji na sukari, basi.

Jambo moja halijatulia. Firigisi. Kwa kukhu, firigisi ni ya mwanaume mwenye nyumba, na siku tuliyoiingiza kwenye karatasi hakula chakula cha mchana. Krismasi iliyopita ilikuwa zamu yake yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akaletewa kwenye sahani ndogo. Aliitazama, akaisukuma kwa mwanawe. Baba watoto akairudisha. Ikaenda na kurudi mara tatu, watoto wanane wakifuatilia kama mpira. Mwishowe akaichukua, akageukia ukutani, akaila huku ametupa mgongo. Jioni nilimkuta jikoni na miwani yake, kidole juu ya karatasi, anafuata mstari wa jina lake kuona itarudi lini.